Programu ya Barua za Uhamisho

Mama mmoja mwalimu alikuwa anasubiri barua ya uhamisho ofisini kwetu Dodoma. Bila barua, shule ya Kolo, wilayani Kondoa, wasingempokea. Kompyuta ikaitoa na jina la bosi aliyestaafu. Nikabadilisha jina kwenye programu, nikachapa tena. Bosi yuleyule! Aliyeiandika programu hiyo alinakili maagizo yaleyale kwa kila wilaya badala ya kuyaandika mara moja, na hakuacha maelezo kipande gani ni cha Kondoa. Mashine ya taipu, ambayo ningeichapia barua hiyo, tulishaiuza. Nikampigia simu huyo aliyeandika programu, huko Mwanza alikohamia.

"Mdogo wangu, hata mimi siikumbuki. Usiiguseguse, itagoma kabisa," akanijibu.

"Vipi, mwanangu?" mama akauliza.

"Bado kidogo, mama," nikamjibu, na sikujua hata nianzie wapi.