Jogoo wa Msimu na Sare ya Mama Mkwe

Msimu wa kipaimara ukifika mimi huchoka kabla sijaanza kazi. Nashona nguo Lushoto mjini, kwenye kibaraza cha duka la pembejeo, na msimu huo kila mzazi anataka gauni jeupe la mwanawe liwe tayari Jumamosi, hata yule aliyeleta kitambaa Ijumaa. Ukungu unashuka mpaka kwenye cherehani, uzi unashika unyevu, mgongo unauma kuanzia kiunoni mpaka shingoni, na mteja amesimama mbele yangu ananiambia, "Fundi, si uliniahidi?" Sikumwahidi. Wateja hujiahidi wenyewe, halafu wanakuja kutudai sisi.

Kilichokuwa kinanipumzisha ni mchezo wa kwenye simu. Cheka tu, wengi wameshanicheka. Ni mchezo wa kijiji: unajenga nyumba, unapanda mahindi, unafuga mbuzi, unatembelea vijiji vya wenzako. Nimezaliwa nalima, nimeolewa nalima, na nikikaa kupumzika nalima tena kwa kidole. Mwanangu ndiye aliyeniwekea. Baada ya muda tukawa kundi zima la wanawake wa huku, na wifi yangu, dada wa mume wangu anayeishi Tanga, naye akaingia. Yeye akiingia mahali huwa anaingia kama mwenyekiti.

Mwanzoni kabisa mwa mchezo ule kulikuwa na sikukuu ya mavuno. Ilikuwa ya siku chache tu, na aliyevuna kila siku bila kukosa alizawadiwa jogoo mwekundu wa kuweka juu ya paa. Mgeni akiingia kijijini kwako, jogoo anawika. Basi, hafanyi kingine. Lakini sikukuu ilipokwisha jogoo hakutolewa tena, na sisi tuliompata tukawa watu wa heshima. Nilimtolea jasho jogoo yule. Nilivuna nikiwa kwenye foleni ya zahanati, nilivuna jikoni moshi ukiniingia machoni, nilivuna kanisani wakati wa matangazo, Mungu anisamehe.

Kisha mwanangu akaoa msichana wa Mombo. Mombo ni hapo chini tu, mlima unapoishia na barabara kuu inapopita, lakini kwa hali ya hewa ni nchi nyingine. Binti alikulia kwenye joto, mama yake akiuza matunda kwa abiria wa mabasi. Alipofika kwetu alivaa sweta mbili na kulala na soksi. Kishambaa anakisikia nusu. Wenzake wakicheka, yeye hucheka mwishoni, akishatazama nyuso zetu. Adabu anayo. Shikamoo yake huitoa akiwa amepiga goti kidogo, hata kama nimekaa jikoni namenya viazi. Alijiunga na mchezo wetu, nadhani, ili mimi na yeye tupate cha kuongea.

Siku ya kwanza kutembelea kijiji changu, jogoo aliwika, naye akafurahi kama mtoto.

"Mama, huyu jogoo nampataje?"

"Humpati."

"Hata nikivuna kila siku?"

"Hata ukivuna mpaka uzeeke. Ulikuwa msimu, ukapita."

Akasema "haya, mama," akarudi kwenye mahindi yake. Nilidhani yameisha.

Hayakuisha, kwa sababu wenye mchezo waliweka swali kwa wachezaji wote: je, vitu vya misimu iliyopita virudishwe, ili wachezaji wapya nao wavipate? Kundi letu likawaka moto. Wanawake ambao hawajawahi kubishana kuhusu mbolea wala michango ya harusi walibishana kuhusu jogoo. Wapya walitaka arudi. Wa zamani tulikataa. Wifi alituma ujumbe wa sauti mrefu, nikausikiliza huku natia shati vifungo. Alisema kitu cha msimu ni ushahidi kwamba ulikuwepo. Ukimpa kila mtu, ushahidi umeufuta. Asiyekuwepo akubali kwamba hakuwepo.

Nilimuunga mkono, tena kwa hasira. Niliandika kwamba hata plamu zina msimu wake, ukichelewa unakuta miti mitupu, na hakuna anayekwenda kumlalamikia mwenye shamba. Niliona nimesema neno zito. Mtu mmoja akajibu kwamba plamu zinarudi mwakani, nikazima simu.

Mkwe wangu hakuandika kitu kwenye kundi. Alinijibu ana kwa ana, jioni tukichambua maharage, bila kuinua macho.

"Mimi sikukataa kuja, mama. Nilikuwa tu sijafika."

Nilikuwa nimechoka sana siku hiyo, na maneno ya mtu aliyechoka huwa mafupi. Nikamwambia ni mchezo tu, asijitie presha. Akasema ni kweli, ni mchezo tu. Tukaendelea na maharage.

Mwisho wa yote wenye mchezo walimrudisha jogoo, ila safari hii mkia wake ukiwa mweupe, ili wa zamani tusinune. Tulinuna vilevile. Binti akampata, akamweka juu ya paa, akaniomba nimtembelee. Nikaingia kijijini kwake, jogoo akawika sauti ileile, na kwa kweli niliona nimeibiwa. Nikarudi kwangu kuhakikisha wangu bado yupo. Alikuwepo, mwekundu mpaka mkiani, hajapungua unyoya. Hilo lilinikera zaidi, maana sikuweza kusema nimeibiwa nini.

Sasa lazima nieleze habari ya sare, kwa sababu ndiko mambo yote yalikokuwa yanaelekea na mimi sikuona.

Mama mkwe wangu alifariki kabla mwanangu hajaoa. Baada ya mazishi, tulipojiandaa kwa ibada ya shukrani, wifi alinunua kitenge jora zima, cha kijani chenye majani ya njano, na mimi nikawashonea wanawake wote wa ukoo. Huku kwetu sare ya namna hiyo haiishii kwenye ibada moja. Kila shughuli ya familia inapokuja, mwanamke mmoja atasema "tuvae ile ya mama," na wote tunaitoa sandukuni. Tukishakula tunajipanga, tunapigwa picha, na picha inatundikwa sebuleni. Anayetutazama anajua hawa ndio wenye nyumba.

Mke wa mwanangu hakuwa na ile sare. Angeipata wapi? Jora lilikwisha, na duka lenyewe halikuleta tena. Kwenye shughuli zetu alivaa gauni lake la bluu, zuri tu. Na kila tulipojipanga, mtu alimpa simu. "Wewe ambaye huna sare, hebu tupigie." Naye alipiga, kwa ustadi, akitusogeza kushoto na kulia, akihakikisha hakuna aliyefumba macho. Kwa hiyo sebuleni kwangu kuna picha nyingi za ukoo ambazo kazipiga yeye, na hayumo hata kwenye moja. Mimi nazifuta vumbi kila Jumamosi. Sikuwahi kuligundua hilo.

Mwaka huu mtoto wa shemeji yangu alipata kipaimara huko Malindi, hii ya milimani juu ya Lushoto, si ile ya pwani. Tulikuwa tumepanda asubuhi na mapema, nikiwa na usingizi wa wiki nzima machoni, na nguo za watoto wa watu zikiwa bado zinanizunguka kichwani. Baada ya ibada tulikwenda nyumbani kwa shemeji, tukakuta masufuria yanachemka na turubai limefungwa uani. Tukaingia chumbani kubadilisha nguo. Mkwe wangu, mwenye mimba iliyoanza kuonekana, alikuwa wa mwisho kutoka.

Alitoka amevaa kijani chenye majani ya njano.

Nilijua kabla hajatufikia kwamba si kitambaa chetu. Mimi ni fundi. Njano ilikuwa kali mno, majani yalikuwa manene kidogo, na mshono haukuwa wangu. Jambo la kwanza kunichoma lilikuwa hilo la mshono: mkwe wangu, mimi nimekaa na cherehani siku nzima, amekwenda kushonesha kwa mwingine. La pili ndilo lililonishtua. Huku kwetu huvai sare ya msiba ambao hukuwepo. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo wala kuitangaza, na ndiyo maana mtu wa kutoka chini anaweza asijue. Ni sawa na kwenda kukaa kwenye mkeka wa wafiwa wakati humjui marehemu.

Wifi aliweka sahani chini.

"Hiyo umeipata wapi?"

Sijui nini kilinisukuma. Nadhani ni uchovu. Sikuwa na nguvu ya kutazama ugomvi. "Nilimshonea mimi," nikasema. "Kuna kipande kilibaki."

Wifi alinitazama. Katika mambo ya kitambaa hakuna wa kunibishia kwenye ukoo ule, na yangeishia hapo. Lakini binti akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Nilinunua Mombo, kwa wanaouza barabarani. Nikashonesha hukohuko."

Wifi akahamia kwenye Kishambaa, kwa haraka, na binti akabaki anazitazama nyuso zetu kama kawaida yake. Sitayarudia yote. Alisema kile kitambaa si pambo la kununuliwa njiani pamoja na vitunguu. Alisema ni cha mama yetu. Alisema akabadilishe. Neno hilo la mwisho alilirudia kwa Kiswahili, ili lieleweke.

Binti hakulia. Alikunja mikono juu ya tumbo lake, akaongea polepole, kwa heshima ileile ya kila siku.

"Shangazi, najua si chenyewe. Mimi bibi sikumwona, na siwezi kusema nilimwona. Ila mtoto akizaliwa ataziona zile picha ukutani. Ataniuliza, mama, wewe ulikuwa wapi? Nilitaka hata kwa mbali nionekane ni wa hapa."

Basi hapo ndipo nilipomwelewa, mimi niliyekuwa naye jikoni kila jioni. Yale maneno ya jogoo, kwamba hakukataa kuja. Nikamgeukia wifi, na nilikuwa nimeshaandaa maneno makali, yale ambayo mtu huyaweka moyoni miaka mingi bila kujua kama atakuja kuyatumia. Kwa sababu siku tunamzika mama, wifi naye hakuwepo. Mvua ilikuwa imebomoa mlima, mawe na tope vimefunga barabara ya kupanda Lushoto, na yeye alikwama Mombo na mabegi yake. Sisi hatukuweza kungoja. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshafunikwa.

Sikuyasema. Alinisoma usoni, akayasema mwenyewe.

"Unataka kusema na mimi sikuwepo."

Nikashika ukingo wa kitenge changu.

"Sema tu, wifi. Sikuwepo. Nilikaa Mombo nasikiliza mvua, mnamzika mama yangu. Ninyi mna siku ile. Mlimwosha, mlimvisha, mlimtupia udongo. Mimi nina kitambaa tu."

Miaka yote nilidhani analinda jora lile kwa sababu ya ubabe wake, kama anavyolinda kila kitu, na yale aliyoyasema kuhusu jogoo niliyaunga mkono nikidhani tunasema jambo moja. Mimi nilikuwa nalinda sifa. Yeye alikuwa hana kingine cha kuonyesha kwamba naye alimwomboleza mama yake.

Nikaona aibu, nikaona huruma, na juu ya yote nikaona uchovu. Nilitamani kukaa chini palepale kwenye majani ya migomba yaliyotandazwa uani. Wanawake wengine walijifanya wanapanga sahani. Wali ulikuwa unapoa.

Binti ndiye aliyesogea. Alipiga goti mbele ya wifi, si kidogo kama anavyofanya kwenye salamu, bali mpaka chini, na kwa mimba ile haikuwa kazi rahisi.

"Nisamehe, shangazi. Nakwenda kubadilisha."

Wifi akamshika bega kabla hajainuka. Nilidhani anamsukuma. Alikuwa anatafuta ukingo wa mkono wa gauni. Akaushika kati ya vidole viwili, akausugua, akaugeuza kuangalia upande wa ndani, kama tufanyavyo dukani tukipima kama rangi imeshika.

"Hiki kitachuja," akasema, huku anafuta pua kwa kiganja. "Usikifue pamoja na nguo nyingine. Kiloweke kwanza kwenye maji ya chumvi, halafu ukianike kivulini."

"Sawa, shangazi."

"Na hapa begani umeshonewa vibaya. Mpe mama yako huyu fundi akurekebishie."

Akamwinua. Kisha akamwita mmoja wa wanaume waliokuwa wanakula, akampa simu ya kutupigia picha.