Mama Rehema wawili walivyonifanya nijifunze kudebug Node kwenye browser

Wakuu, salaam kutoka Ujiji. Haya yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Ningekuwa na uwezo ningepunguza.

Mimi ni mtu wa kushinda ndani. Nina form four, laptop ya mtumba na godoro. Mwenye kazi ni dada yangu Mwajuma, anapika sambusa na maandazi kwa oda.

Nikamtengenezea kimfumo cha Node (JavaScript ya kwenye seva): mteja anatuma oda kwa simu, inaingia kwenye seva, asubuhi dada anaona cha kupika.

Nilijiona injinia. Nilitembea kifua mbele, kutoka chumbani hadi jikoni.

Sasa, Mama Rehema wa Katubuka, mteja wa dada tangu anaanza biashara, akaagiza sambusa sitini. Wageni wa posa ya binti yake. Siku ikafika, sambusa hazikufika. Wageni wakanywa chai kavu huku wakiangaliana.

Akapiga simu. Nilimsikia mpaka chumbani:

"Mwajuma, ungeniambia tu umepata wakubwa kuliko mimi! Umeniaibisha mbele ya wakwe!"

Dada aliapa hajaiona hiyo oda. Mama akakata, na tangu hapo hapokei simu. Wakakutana msibani, akampita dada bila salamu. Kwetu hilo ni kubwa kuliko tusi.

Dada alilia, wakuu. Kisha akanigeukia: "Kidude chako kinanigombanisha na watu. Nakizima."

Nikaomba nafasi moja. Kwanza nikafanya tunachofanya wote, nikajaza console.log, ile amri ya kuchapisha ujumbe, kila kona. Ikaandika "oda imepokelewa", "oda imepokelewa". Code inanidanganya kwa adabu zote!

Ndipo nikakumbuka kuna namna ya kuitazama program ya seva ndani ya browser. Nikaiwasha kwenye laptop yangu (jamani msijaribu kwenye seva inayotumika, ukiisimamisha wateja wote wanaganda):

node --inspect oda.js

Nikafungua chrome://inspect, nikabonyeza inspect, nikaweka breakpoint kwenye mstari unaohifadhi oda. Program ikifika pale inasimama, unakagua kila ilichobeba.

Nikaingiza oda za siku ile moja moja, nikizitoa kwenye meseji za wateja zilizobaki kwenye laini ya seva. Dada kakaa pembeni, kanuna.

Mama Rehema, sitini. Imo. Zikafuata za watu wengine, nazo zimo. Halafu Mama Rehema, ishirini. Nikavuka ule mstari. Sitini hazipo, zimebaki ishirini.

"Hebu rudisha," dada akasema. "Huyo wa ishirini ni wa Gungu. Mama Rehema mwingine huyo!"

Wakuu, nilikuwa nahifadhi oda kwa jina la mteja. Ujiji hii hii, ambako mwanamke akishazaa, jina lake la shule linabaki kwenye kadi ya kliniki. Mama Rehema wa pili alikuwa anamfuta wa kwanza.

Dada akacheka, kisha akaacha. "Vaa viatu. Unaenda kumwambia mwenyewe."

Mimi! Nikapanda bodaboda hadi Katubuka na laptop mgongoni na sinia la sambusa mapajani. Nikatoa shikamoo, nikapewa marahaba ya shingo upande. Nikafungua laptop, nikarudia zoezi zima mbele yake. Akaona sitini zake zikipotea.

"Kwa hiyo Mwajuma hakuniacha?"

"Hapana mama. Mimi ndiye niliyekufuta."

Akamega sambusa moja, akachukua simu.

"Mwajuma mwanangu, mbona hizi hazina pilipili? Unaumwa?"

Upande wa pili nilisikia dada akivuta kamasi.

Nilichojifunza: console.log inakujibu ulichouliza tu, breakpoint inakuonyesha usichojua hata kukiuliza. Na jina la mtu si kitambulisho.

Nimehamia kwenye namba ya simu. Sasa juzi Mama Rehema wa Katubuka kaagiza, na binti yake naye kaagiza, simu ile ile moja.

Wazoefu, nyie mngetumia key gani, yaani kitambulisho gani cha oda? Njooni na majibu, na wanaotaka kunicheka nao wapange foleni.