Waya wa Breki

Jumapili, manyunyu ya asubuhi kisha jua. Kijana wa jirani kasimamisha baiskeli kwa kukandamiza tairi na kandambili. Harufu ile ya mpira ulioungua imenirudisha utotoni kule Matogoro, ingawa sijui kama nakumbuka sawasawa.

Bendi yetu ilikuwa dada wa kuimba, kaka wa gitaa la dumu, na mimi wa ngoma ya kopo. Nyuzi za gitaa kaka alizichomoa kwenye waya wa breki ya baiskeli ya baba. Kusema haki, alichomoa mbili tu. Gitaa likalia, dada akapandisha sauti kulifuata.

Ndipo tukakumbuka kwamba baba yuko mlimani na baiskeli, kafuata kuni.

"Kaka, ule mteremko," dada akanong'ona.

"Imba wewe."

Tukakaa tukitazama njia ya mlimani.

Baba akaja akikokota baiskeli, kandambili moja imelika hadi kisigino kinagusa chini, inanuka moshi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Breki imekatika." Akalitazama gitaa, akazitambua nyuzi. "Haya, pigeni nisikie kitu kilichotaka kuniua."

Tukapiga wimbo wote, dada akiimba huku analia.

Jioni tulikula ugali na dagaa nyasa. Baba alinyoosha mguu, akawa anauimba wimbo wetu kichinichini, na sisi tukawa tunamsogezea dagaa zetu.