Nyaya Alizosokota Mume Wangu

Leo fundi ameicheka kazi ya marehemu mume wangu mbele ya majirani.

Lango la fleti yetu hapa mtaa wa Malvern lilikuwa linakataa kadi za kulifungulia. Fundi akafungua boksi la nyaya zake.

"Eish, mama, nani amesokota nyaya kama nywele za saluni?"

Majirani wakacheka naye.

"Mume wangu," nikasema. "Alijifunzia kwenye nywele zangu, Jumapili kabla ya ibada. Sasa ni marehemu."

Fundi akachungulia tena ndani ya boksi.

"Pole, mama. Kazi yake ni safi. Zikisokotwa hivi, kelele za umeme hazivurugi mawasiliano ya kadi na lango. Ubovu ni kipande hiki cha nyaya kilichoongezwa juzi na mtu mwingine, kimenyooka tu kando ya waya wa umeme."

Akakitoa, akanipa nyaya mbili mpya. "Sokota wewe."

Nikasokota, machozi yakinitoka. Akaziunganisha, nikagusisha kadi, lango likafunguka.

Jamani, mtu wenu akisifiwa naye hayupo kusikia, mnafanyaje?