Mwaka Tuliporudisha Kijito

Katika miaka ya Zaïre, kupiga kura hakukuwa jambo ambalo mtu aliweza kulipuuza akabaki kitandani. Ukishapiga, kadi yako ya uraia iligongwa muhuri, na bila muhuri ule askari wa kizuizi cha barabarani walikuteremsha kwenye lori kama gunia la mihogo. Juma la uchaguzi walikaza zaidi. Redio ilisema, na gari la kipaza sauti likapita likirudia, kwamba hakuna atakayetoka Bukavu kabla hajachagua. Siasa haikuwa ikininyima usingizi. Lakini Jumatatu ya juma lile dereva mmoja wa lori alinipitia kuniambia kwamba mama yangu, kule Bunyakiri, hali tena chakula, ananiulizia mimi tu.

Basi nikawa nautaka muhuri kuliko mtu yeyote mjini, na mimi ndiye niliyenyimwa. Sababu ilikuwa kijito.

Tulikaa kwenye mteremko ulio mwisho kabisa wa mji, nyumba chache za udongo na mabati za watu waliokosa nafasi katika mtaa wa Kadutu. Tangu enzi za Wabelgiji mpaka wa mji ulikuwa kile kijito kilichopita nyuma ya nyumba zetu. Huku ni mji, kule ni nchi ya mwami, chifu wa jadi. Msimu wa mvua uliotangulia kilima kiliporomoka, kama vinavyoporomoka vilima vya Bukavu kila mwaka, na kijito kikaacha njia yake kikaanza kupita mbele ya milango yetu. Sisi hatukuhama. Tukajikuta nje ya mji tumekaa palepale.

Nilikwenda kwanza kwenye kituo cha kura cha mji ili niandikishwe kwa kura ya Jumamosi, nimejifunga kitenge cha Chama cha Rais ili wasipate la kusema. Karani alinijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi.

"Citoyenne, mupaka njo mutoni. Weye unakaa ng'ambo. Enda kwa mwami."

Nikapanda hadi kwa mjumbe wa mwami. Nilimkuta ananyoa ndevu uani, kioo kimening'inia kwenye mgomba, na hakugeuka.

"Maman, ulileta kalinzi yako lini?"

Kalinzi ni ng'ombe au mbuzi ambaye mtu humpelekea mwami ili apewe ardhi na atambuliwe kuwa mtu wake. Sisi viwanja vyetu tulivipata kwa karatasi ya mji, nikamwambia hivyo.

"Basi uko mutu ya mji. Siwezi kukupokea hapa, batu ya kwetu batauliza."

Niliteremka nikilia kwa hasira, bila hata kujifuta. Mlangoni kwangu niliiona barabara ya kaskazini, iendayo Bunyakiri, malori yamepangana kando yake, madereva wamelala chini ya magurudumu. Mji haunitaki, mwami hanitaki, na bado wote wawili wamenifungia njia. Sijawahi kujisikia mfungwa vile, na mlango wangu ulikuwa wazi.

Jioni majirani walikusanyika uani kwetu, maana wote tulikuwa katika mtego mmoja. Kila mtu alitoa lawama zake. Mwishowe mjane aliyetuuzia kasiksi, pombe ya ndizi, akasema kama anayekemea watoto, "Kama mutoni njo mupaka, turudishe mutoni."

Watu walicheka. Mume wangu, ambaye alikuwa mwashi, hakucheka. Aliondoka kwenda kuangalia njia ya zamani ya maji.

Alfajiri tukaanza. Wanaume walichimba, wanawake tulibeba mawe, tukalaza migomba na magunia ya mchanga ili kuziba njia mpya. Kijito kilitukatalia. Tulipokiziba hapa kilitoboa pale. Nilikuwa nakitukana waziwazi, nikiwa na tope hadi magotini, na mume wangu alinisihi nipunguze matusi niongeze mawe. Alhamisi mchana maji yalikubali, yakageukia nyuma ya nyumba kwa kishindo, yakachukua choo cha yule mjane. Alitulaani sisi sote mpaka jioni.

Kiongozi wa mtaa alikuja Ijumaa na abakosti yake, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi. Aliyatazama maji, akayatazama majembe yetu, akaelewa. Lakini naye alikuwa anatafuta watu wa kujaza kituo chake.

"Bon," alisema. "Muko batu ya mji. Kesho kila mutu afike."

Jumamosi nilikuwa mbele ya mstari. Kadi ya kijani ilimaanisha ndiyo kwa Rais, mgombea pekee, nyekundu ilimaanisha hapana. Za kijani zilikuwa mezani. Nyekundu zilikuwa bado zimefungwa kamba, na askari ameegemeza kiwiko juu yake. Sijisingizii ushujaa. Wangenipa kadi ya rangi yoyote ningeitumbukiza, ilimradi wanigongee muhuri. Waligonga, na nilibaki naupulizia wino ukauke.

Jumapili nikapanda lori la kwanza. Kizuizini askari aliutazama muhuri wangu, akanirudishia kadi, nami nikajiona mwerevu njia nzima.

Nilipofika Bunyakiri uani kulijaa watu. Walikuwa wametoka kumzika mama asubuhi ileile.

Mama mdogo, ndugu wa marehemu, alinikalisha mkekani. Alitaka kunituliza, nadhani, ndiyo maana alianza kusifu jinsi dada yake alivyoheshimiwa.

"Hata kura alipiga," alisema. "Jana balimuletea sanduku mpaka ku kitanda. Ilitoka Bukavu na gari, Alhamisi."

Alhamisi nilikuwa ndani ya tope. Sanduku lilikuwa limepita njia ileile, kizuizi kilekile. Nikamuuliza kama mama alikuwa bado anaelewa.

"Alisikia miguu mulangoni, akazani ni weye. Akajikaza akakaa. Akauliza, 'Umefika?'" Mama mdogo alikuwa akivuta nyuzi za mkeka. "Balimujibu, 'Ndiyo, maman, tumefika.' Kisha balimushika mukono, bakaupeleka ku sanduku."