Kaburi Namba 41, Lisilo na Wenyewe

Tarehe 11 Januari 2007 Vietnam ilikuja kuwa mwanachama wa mia na hamsini wa Shirika la Biashara Duniani. Hilo limethibitishwa. Katika kijiji cha Dong Trac, mkoani Bac Ninh, habari hiyo ilifika kwa sura ya vigingi vyekundu. Muda mfupi baada ya Tet, sikukuu ya mwaka mpya, wapimaji walivichomeka katika mashamba ya mpunga, wakayazungushia hata makaburi ya zamani. Kiwanda cha nyaya za simu kilihitaji uwanja mkavu kabla ya Aprili.

Mwenyekiti wa kitongoji, Ngo Van Khuyen, alikuwa na miaka hamsini na minne, na alikitaka kiwanda kile kwa moyo wake wote. Vijana walikuwa wakihamia kusini kutafuta kazi. Binti yake Diep alikwisha kufunga begi mara mbili. Basi aliorodhesha makaburi kwa mkono wake mwenyewe, namba na ukoo utakaolihamisha kila moja, akaiwasilisha orodha wilayani siku nne kabla ya muda kwisha. Alisifiwa.

Dada yake mkubwa, Mien, ambaye hakuolewa na ndiye aliyeng'oa majani makaburini kila mwaka, aliisoma nakala ukutani.

"Baba umemwandika arobaini na tatu," alisema. "Baba ni yule wa kando ya mfereji. Arobaini na moja."

"Dada, napakumbuka."

"Unapakumbuka vipi? Tulipomfukua kwa mazishi ya pili ya desturi, tukamwosha na kumlaza pale, wewe ulikuwa jeshini. Mifupa niliiosha mimi na mjomba."

"Mjomba alinionyesha niliporudi."

"Mjomba wa siku zile, akili zimeshamtoka? Angekuonyesha hata banda la bata, ukaliinamia."

"Orodha imeshasainiwa."

Mien aliipa nakala kisogo. "Haya. Wewe ndiye mtoto wa kiume."

Suala la namba hakulirudia mbele ya watu. Kaburi 41 lilibaki katika orodha kama Khuyen alivyoliandika: halina wenyewe, la kuhamishwa na mkandarasi wa uwanja.

Kwa desturi mifupa haipaswi kuonwa na jua, lakini kwa haraka ile watu walifukua mchana, chini ya maturubai. Khuyen alitangulia ili wengine wafuate. Jirani yake Toan, aliyekuwa ameshika koleo, alimtania: "Mwenyekiti, harakisha! Mzee asije akaajiriwa kiwandani kabla ya binti yako!" Watu wakacheka, na Khuyen naye akacheka.

Sanduku la udongo la namba 43 lilikuwa limepasuka, ikabidi mifupa ihamishiwe katika jipya. Kuiosha ni kazi ya mtoto wa kiume, na safari hii alikuwapo. Alichuchumaa peke yake mbele ya beseni la maji ya viungo na pombe ya mchele. Baba yao alivunjika paja la kushoto akibeba udongo wa kuzibia tuta la mto, mwaka wa mafuriko. Mfupa uliunga kombo, na tangu hapo akachechemea hadi kufa. Mfupa wa paja alioushika Khuyen ulikuwa umenyooka. Akautafuta wa pili. Nao ulikuwa umenyooka.

Mien alikuwa amesimama nyuma yake na ubani mkononi. "Lile paja la kombo linaonekana?"

"Linaonekana," Khuyen alijibu.

"Basi nisamehe, mdogo wangu. Nimezeeka."

Mchanga wa kujazia uwanja wa kiwanda haukuanza kumwagwa siku ile. Alikuwa na siku mbili. Siku ya kwanza alipanda baiskeli mpaka lango la ofisi ya wilaya, akasimama hapo. Kurekebisha orodha kulikuwa na maana ya kusema, mbele ya makarani waliomsifu, kwamba mwenyekiti halijui kaburi la baba yake. Akageuza. Siku ya pili hakutoka nyumbani. Siku ya tatu mabomba yakaanza kumwaga mchanga wa mtoni.

Diep alipata kazi mwezi Juni. Barabara iliwekwa zege, wasichana kutoka milimani wakapanga vyumba kijijini, na hadi leo Khuyen hushukuriwa kwenye harusi. Langoni mwa kiwanda hajakanyaga hata siku moja. Mien alifukizia ubani sanduku lile kwa miaka tisa. Alifariki mwaka 2016, akazikwa kando yake, kama alivyoomba.

"Dada alinitunzia heshima mbele za watu," Khuyen alisema mwaka 2019, alipokubali kurekodiwa, "nami nikampa mifupa ya mtu mwingine ailinde. Aliniomba msamaha, nikaupokea."

Taarifa ya mkandarasi inasema kwamba makaburi kumi na moja yasiyo na wenyewe yalihamishiwa makaburi ya pamoja kabla ya mchanga kumwagwa. Vibarua wawili, waliohojiwa kila mmoja peke yake, wanakumbuka saba. Taarifa haitaji namba. Haijulikani kama namba 41 ilihamishwa au iko chini ya kiwanda. Wala haijulikani ni mifupa ya nani iliyomo katika sanduku la ukoo wa Ngo.