Ndevu si Kidato

Mwalimu Telesphori wa Sekondari ya Mwabasondo, shule ya binafsi nje kidogo ya Kharumwa, alivaa filimbi shingoni hata kanisani. Aliivua mara moja tu kwa mwaka, siku ya Ijumaa Kuu. Alifundisha Jiografia, lakini moyo wake ulikuwa kwenye michezo, na huko alitaka kitu kimoja tu: kombe. Alikuwa ameongoza timu ya mpira ya shule kwa miaka ishirini na miwili bila kurudi hata na kikombe cha chai. Mwaka jana ulikuwa wake wa mwisho; Desemba alikuwa anastaafu.

Kwenye ubao wa matangazo kulikuwa na karatasi yake ya wino mwekundu: KIDATO CHA KWANZA HAKICHEZI TIMU YA KWANZA. WADOGO WALINDWE.

Sheria hiyo ilikuwa na asili yake. Miaka tisa nyuma alimwingiza Denis, mtoto wa Kidato cha Kwanza, dhidi ya vijana wa Nkome, kule ziwani, waliovuta nyavu tangu wakiwa na meno ya utoto. Dakika ya saba Denis akavunjika mfupa wa bega. Mama Denis alipanda basi kutoka Ushirombo, akakaa kwenye kiti cha mwalimu, akamsimamisha mwalimu mbele yake na kumsema kuanzia saa mbili hadi kengele ya uji. Telesphori akaapa.

Ilikuwa sheria nzuri. Kasoro yake ni kwamba ilihesabu vidato na haikuhesabu miaka, na kwetu viwili hivyo havitembei pamoja.

Katika nyumba nyingi za huku mtoto mmoja hubaki na ng'ombe ili mwingine asome. Kwa mzee Masele aliyebaki ni Maduhu, kaka. Aliyekwenda shule ni Boaz, mdogo wake. Maduhu alianza darasa la kwanza akiwa na miaka kumi na miwili. Alipomaliza la saba alikwenda Rwamgasa, akafanya kazi miaka miwili kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, ndipo akaja kwetu na ada yake mkononi. Kwa hiyo mwaka jana Boaz, miaka kumi na saba, alikuwa Kidato cha Nne na kapteni wa timu. Kaka yake, miaka ishirini na mmoja, alikuwa Kidato cha Kwanza na alibeba ndoo ya maji ya timu, kwa sababu ndiyo kazi ya wadogo.

"Mtoto, maji!" Boaz alipenda kuita mbele ya wenzake.

"Kunywa, kapteni," Maduhu alimjibu. "Likizo tutarudi nyumbani wote."

Halafu alikuwapo Innocent. Alianza shule mapema, akarushwa darasa moja, akafika Kidato cha Tatu akiwa na miaka kumi na mitatu. Beki wetu wa kulia alipotorokea machimboni, nafasi yake alipewa Innocent. Kisheria alikuwa mkubwa.

Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe wa Kharumwa alitoa kombe na fahali kwa ajili ya mashindano ya shule nne. Shule iliyokula maharage tangu Januari ikaanza kuimba nyama. Tulifika fainali, na tuliopangwa nao ni vijana wa Nkome.

Siku mbili kabla ya mechi, Mwalimu Eufrasia wa Hisabati aliuliza ofisini, bila kuinua macho kwenye madaftari yake:

"Mwalimu Telesphori, Maduhu ana ndevu. Unazionaje?"

"Ndevu si kidato."

"Na Innocent hata sauti haijabadilika."

"Yuko Kidato cha Tatu. Huyo ni mkubwa."

"Basi mtafutie mkubwa wako jezi inayomtosha. Jana ilimfika magotini. Nilidhani anakwenda kutumikia altareni."

Mchana huo Maduhu alikuja mwenyewe mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mtoto wangu."

"Mwalimu, Boaz mpira nilimfundisha mimi. Machungani, mpira wa matambara. Naomba nicheze."

"Mifupa yako bado laini."

Maduhu aliitazama mikono yake. "Rwamgasa nilikuwa napandisha viroba vya mawe kutoka chini ya duara."

"Huko hukuwa chini yangu," alisema Telesphori kwa upole, akampa ndoo.

Fainali ilichezwa Jumamosi, uwanja wa Kharumwa. Kombe liliwekwa juu ya meza yenye kitambaa, na fahali alifungwa kwenye mti nyuma ya goli. Hadi dakika ya sitini na mbili matokeo yalikuwa bao moja kwa moja. Ndipo mshambuliaji wa Nkome, kijana mpana ambaye wenzake walimwita Injini, aliruka kupiga mpira kwa kichwa pamoja na Innocent. Injini alitua kwa miguu. Innocent alitua kwa mkono, na mkono haukukubali.

Nafasi moja ya kubadilisha mchezaji ilikuwa imebaki, lakini wachezaji wa akiba walikuwa wamekwisha kuingia. Benchi lilibaki na ndoo na aliyeibeba.

"Maduhu! Maduhu!" wanafunzi wakapiga kelele. Waliokuwa na njaa zaidi waliita, "Nyama! Nyama!"

"Jina lake lipo kwenye orodha," alisema Eufrasia. "Nililiandika mimi."

Telesphori alilitazama kombe. Lilikuwa hatua thelathini kutoka aliposimama, karibu kuliko siku yoyote ya maisha yake. Mkono wake ulikwenda kwenye filimbi, ukarudi.

"Nilimwahidi Mama Denis. Wadogo walindwe."

"Mdogo ndiye huyo anayelia, mwalimu!" alisema Eufrasia, akimwonyesha Innocent.

"Tutacheza kumi."

Tulicheza kumi. Dakika ya themanini na moja Injini alipita upande wa kulia, pale pasipokuwa na mtu, akafunga. Boaz alikaa chini katikati ya uwanja, akaitazama ndoo ya kaka yake, na hakuomba maji.

Nkome wakapewa kombe, kisha wakapewa fahali. Watu wa Nkome wanajua samaki. Wanne walimfungua wote kwa pamoja, mmoja akamvuta mkia ili aanze kutembea, jambo ambalo mtoto yeyote wa Kisukuma angewakataza. Fahali aliikata kamba, akapita katikati ya uwanja, akaipindua meza, akaelekea moja kwa moja kwa mwenye filimbi.

Telesphori aliipuliza. Fahali hakusimama.

"Maduhu!" alipiga kelele, akirudi nyuma hadi mgongo ukagusa nguzo ya goli. "Maduhu! Wewe mtu mzima! Fanya kitu!"

Maduhu aliweka ndoo chini. Alitembea, hakukimbia, akimwita yule mnyama "wewe" kwa Kisukuma, "Bhebhe! Bhebhe, tulia," kisha akamshika pembe moja na pua na kumgeuza kichwa mpaka akasimama. Akamfunga kwenye nguzo, hatua mbili kutoka kwa mwalimu.

"Asante," alisema Telesphori, akihema.

"Samahani, mwalimu," alisema Maduhu. "Mifupa yangu bado laini."

Uwanja mzima ulicheka, na Boaz ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha aliichukua ile ndoo, akaibeba mwenyewe mpaka shuleni.

Jumatatu tulikula maharage. Innocent alirudi darasani na bandeji ngumu mkononi. Na Mwalimu Telesphori, ambaye hakupata tena mechi nyingine kabla ya Desemba, alikaa kipindi kizima akiandika sheria yake upya kwa wino mwekundu. Tulitumaini angeongeza neno juu ya umri. Karatasi ilipokauka ilisomeka hivi: KIDATO CHA KWANZA HAKICHEZI TIMU YA KWANZA, WALA HAKISHIKI NG'OMBE. WADOGO WALINDWE.

Akaamuru ipigiliwe juu kabisa ya ubao, watu wasije wakaichana. Aliyeitwa kuipigilia ni Maduhu, kwa kuwa ndiye pekee aliyefika pale bila kupanda kiti.